Muyaka bin Haji na Silaha ya Ulimi

Huko Berega, katika nchi ya Wakaguru, mtani ana ruhusa ya kusema neno ambalo likitoka kinywani mwa mwingine lingeleta ugomvi. Ulimi wake huchoma, lakini desturi imeutilia ala. Ulimi wa Muyaka bin Haji wa Mombasa haukuwa na ala.

Alizaliwa mnamo mwaka 1776, Mombasa ikitawaliwa na Wamazrui. Mashairi mengi ya zamani yaliyohifadhiwa kwa maandishi yalikuwa ya dini; Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Alitunga juu ya mapenzi na dhiki za watu, lakini sifa yake hasa yatokana na vita.

Mombasa na Pate walipojiandaa kuishambulia Lamu, mnamo mwaka 1812, mashairi yalitangulia mbele ya majahazi. Muyaka alisema kwa upande wa Mombasa. Lamu ikajibu kwa kinywa cha Bwana Zahidi Mngumi, naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Fumbo likajibiwa kwa fumbo, dhihaka kwa dhihaka. Kisha watu wakakutana Shela, na jeshi la Mombasa na Pate likashindwa vibaya sana. Yafaa tuseme kweli: kejeli humjaza kiburi rafiki kuliko inavyomtia hofu adui. Tena Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na hivyo Mombasa ikajipatia adui mkubwa kuliko yule wa kwanza.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la washairi wa pwani tu. Thomas More, aliyetangazwa Mtakatifu mwaka 1935, alimjibu Martin Luther mwaka 1523 kwa kitabu cha Kilatini chenye matusi ambayo baba wa leo angeona haya kuyasoma mbele ya watoto wake. Tena hakutia jina lake mwenyewe. Kwa hilo Muyaka alimzidi, maana hakujificha.

Seyyid Said alipoijia Mombasa mara kwa mara, Muyaka alimgeuzia yeye ulimi wake. Lakini mwaka 1837 mji ukaanguka, na wakuu wa Wamazrui wakakamatwa, wakapelekwa mbali katika Ghuba ya Uajemi. Mshairi wao akabaki katika mji uliotawaliwa na yule aliyemdhihaki, akafa mnamo mwaka 1840.

Mashairi yake yakakaa vichwani mwa wazee. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa ndiye aliyeyakusanya, akisaidiana na William Taylor, mmisionari wa CMS, chama kilekile cha Kianglikana kilichofungua misheni ya Berega. Baadaye William Hichens akayatengeneza kuwa kitabu, kikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, yapata miaka mia tangu Muyaka alipozikwa.