Coco Chanel: Aliyeuza harufu ya asmini, kisha akaigombea kwa miaka 23

KICHUPA cha manukato chenye jina la Chanel na namba 5 kinafahamika karibu katika kila mji wenye duka la vipodozi. Wasiofahamika sana ni watu waliokimiliki, kwani kwa zaidi ya miaka 20 mwanamke mwenye jina hilo alikuwa na sehemu ya kumi tu ya kampuni iliyokiuza.

Gabrielle Chanel, aliyekuja kuitwa Coco, alizaliwa Agosti 19, 1883 katika mji wa Saumur, Ufaransa. Baba yake alikuwa mchuuzi aliyehama kutoka gulio moja hadi jingine. Mama yake alifariki dunia mwaka 1895, na baba akawapeleka binti zake katika nyumba ya yatima ya watawa huko Aubazine, kisha akatoweka.

Huko ndiko alikojifunza kushona. Waandishi wa maisha yake husema kuwa huko pia ndiko alikoanza kuipenda harufu ya sabuni na shuka zilizofuliwa, harufu ambayo baadaye aliitafuta katika manukato.

Alipokuwa msichana aliimba katika migahawa ya Moulins. Mwaka 1910, kwa fedha za mpenzi wake Mwingereza, Arthur Capel, alifungua duka la kofia katika mtaa wa Cambon, Paris. Capel alifariki katika ajali ya gari Desemba 1919, na msiba huo ulimwachia jeraha la kudumu.

Katika zama hizo, manukato yalimtambulisha mwanamke kabla hajatamka neno. Mke wa heshima alijipaka harufu ya ua moja, kama waridi au urujuani. Asmini nzito iliyochanganywa na miski ilihesabiwa kuwa ya wanawake wa jukwaani na wa starehe. Kwa msomaji wa pwani yetu jambo hili ni kichekesho, maana huku asmini ni ua la bibi harusi na la kikuba.

Chanel hakutaka kuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Mwaka 1920 alikutanishwa na Ernest Beaux, fundi wa manukato aliyezaliwa Moscow na kukimbilia Ufaransa baada ya mapinduzi ya Urusi. Beaux alimtengenezea sampuli kadhaa zenye namba, naye akachagua ya tano. Iliingia sokoni mwaka 1921.

Moyo wa mchanganyiko huo ulikuwa asmini ya Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa. Ua hilo jeupe huchumwa kwa mkono alfajiri, kabla jua halijaiharibu harufu yake, na kilo moja huhitaji takriban maua 8,000. Humo mliwekwa pia waridi na langilangi, ua wanalolijua vyema watu wa Unguja, Pemba na Ngazija. Juu yake Beaux akaongeza kemikali ziitwazo aldehaidi, zilizoipa asmini wepesi na usafi wa nguo iliyotoka kuanikwa.

Inasimuliwa kuwa kabla ya kuyauza, Chanel aliyanyunyiza kuzunguka meza yake katika mgahawa mmoja wa Cannes, na wanawake waliopita walisimama kuuliza harufu ile ilitoka wapi. Cha ajabu, ua alilolipenda kuliko yote, kamelia jeupe, halina harufu ya kutajika.

Kisha akafanya kosa lililomtafuna. Mwaka 1924 alitia saini mkataba na ndugu wawili, Pierre na Paul Wertheimer, waliokuwa na viwanda vya kuzalisha kwa wingi. Wao walichukua asilimia 70, mfanyabiashara Théophile Bader asilimia 20, na Chanel asilimia 10. Manukato yalipotapakaa duniani, alijiona ameibiwa, ingawa saini ilikuwa yake. Kwa miaka mingi aliwatuma mawakili, bila mafanikio.

Vita Kuu ya Pili ilimpa silaha mbaya. Wertheimer walikuwa Wayahudi, nao walikimbilia Marekani mwaka 1940. Chanel alibaki Paris, akiishi katika hoteli ya Ritz na kuwa na uhusiano na ofisa wa Kijerumani, Hans Günther von Dincklage. Mei 1941 aliwaandikia wenye mamlaka akitaka kampuni yote, akitegemea sheria zilizowanyang'anya Wayahudi mali zao. Hiyo ndiyo doa ambalo hakuna uturi wa kulifunika.

Alishindwa. Kabla ya kuondoka, Wertheimer walikuwa wameikabidhi kampuni kwa Mfaransa asiye Myahudi, Félix Amiot, ambaye aliirudisha baada ya vita. Chanel alihojiwa mwaka 1944, akaachiwa, akahamia Uswisi. Huko alianza kutengeneza manukato yake mwenyewe ili kuwatia hofu washirika wake.

Mwaka 1947 walipatana. Alilipwa malimbikizo ya miaka ya vita na kupewa asilimia 2 ya mauzo duniani kote, kiasi kilichomfanya tajiri mkubwa. Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 70, alirudi katika ubunifu wa mavazi, na aliyegharamia marejeo hayo alikuwa Pierre Wertheimer yule yule.

Chanel alifariki dunia Januari 10, 1971 katika hoteli ya Ritz, akiwa na miaka 87, na kuzikwa Lausanne, Uswisi. Hakuolewa wala hakuacha mtoto. Kampuni yenye jina lake ingali mikononi mwa ukoo wa Wertheimer, na asmini yake bado huchumwa kwa mkono katika mashamba ya karibu na Grasse, kuanzia Agosti hadi Oktoba.