Edward Jenner, Tabibu Aliyeishinda Ndui

Wasomaji wetu, ndui ilikuwa hofu kuu ya wazee wetu. Yafaa tumjue mtu aliyeifungua njia ya kuiondoa.

Edward Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, nchi ya Uingereza. Baba yake, aliyekuwa mchungaji wa mji ule, alifariki Edward akiwa na umri wa miaka 5. Siku zile ndui iliua kama watu watatu katika kila kumi walioshikwa nayo. Na wengi waliopona walibaki na makovu, wengine vipofu. Kinga ilikuwa moja tu, nayo ni kuchanjwa kwa usaha wa ndui yenyewe. Jenner alichanjwa hivyo utotoni, akateseka sana. Tena wengine walikufa kwa chanjo hiyo, au wakawaambukiza jirani zao.

Alipokwisha kujifunza utabibu London kwa John Hunter, alirudi kwao. Wakulima wa huko walisema tangu zamani kwamba wakamuaji walioambukizwa ndui ya ng'ombe, maradhi mepesi ya malengelenge mikononi, hawapatwi na ndui ya watu. Mkulima Benjamin Jesty alikuwa amewachanja mkewe na wanawe kwa njia hiyo mwaka 1774. Lakini Jenner alitaka kuhakikisha.

Tarehe 14 Mei 1796 akatwaa maji ya lengelenge la mkamuaji Sarah Nelmes, akayatia katika mkono wa James Phipps, mtoto wa miaka 8. Mtoto akashikwa na homa kidogo, akapona. Mwezi wa Julai akamchanja kwa ndui yenyewe. Jambo hili ni zito: kama Jenner angalikosea, mtoto angaliweza kufa, na leo hakuna tabibu aruhusiwaye kufanya vile. Lakini ndui haikutokea.

Leo twajua sababu. Vijidudu vya maradhi hayo mawili vyafanana sana. Mwili uliokwisha kupigana na kile kidogo huwa umejifunza kumtambua adui mkubwa, nao humpiga kabla hajapata nguvu.

Mwaka 1798 Jenner akatoa kitabu chake. Wengi walimdhihaki, wakachora picha za watu wenye kuota ng'ombe miilini. Hata wahubiri wengine walikataza kutia kitu cha mnyama katika mwili wa mtu. Naye aliwachanja maskini bure katika kibanda cha bustani yake, na James alipokuwa mtu mzima akampa nyumba ya kukaa bila kodi.

Alifariki tarehe 26 Januari 1823. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alionekana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Surua na polio bado ziko. Basi mzazi apelekaye mtoto wake kuchanjwa aifuata njia ile ile, wala hamlindi mwanawe tu, bali na mtoto wa jirani.