Tom Campbell Black, Mwalimu wa Marubani

Msomaji, wewe unayelima ngolo katika vilima vya Umatengo unaujua upepo wa kwenu. Unajua jinsi unavyopanda mlima upande mmoja na kuporomoka upande wa pili. Na wewe mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay unalijua Ziwa Nyasa. Alfajiri maji yametulia kama uji uliopoa. Kabla ya saa sita mchana mawimbi yameinuka na mtumbwi unatafuta pwani. Mambo hayo ulifundishwa na watu waliokaa hapo hapo, walioyaona kwa macho yao.

Sasa soma habari za mtu aliyewafundisha wengine kurusha ndege hapa Afrika Mashariki. Upepo wa milimani ulikuwa mmoja wa masomo yake makubwa.

Jina lake ni Tom Campbell Black. Alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1899, katika mji wa Brighton, Uingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa alikuwa kijana. Aliingia jeshini, upande wa ndege, na huko akawa rubani. Ndege za wakati ule zilijengwa kwa miti na kufunikwa kwa kitambaa. Vijana wengi walikufa wakiwa bado wanajifunza, hata adui hawajamwona. Black alipona.

Baada ya vita alikuja Kenya, akawa mkulima. Kenya ilikuwa chini ya Waingereza, na walowezi walikuwa wamejitwalia ardhi nzuri. Lakini Black hakuweza kusahau ndege. Mwaka 1929 mjane mmoja, Bibi Florence Wilson, alitoa fedha zake akaanzisha shirika la ndege mjini Nairobi. Shirika hilo liliitwa Wilson Airways. Black akawa meneja wake na rubani mkuu. Walianza na ndege moja ndogo, aina ya Gipsy Moth. Ilikuwa na viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na haikuwa na paa. Mwanafunzi alishika usukani wake, na mwalimu alikuwa na usukani wake. Redio haikuwamo.

Hapa inafaa tukae kidogo. Kwa nini rubani aliyefunzwa Uingereza ajifunze tena anapofika Nairobi?

Ndege hubebwa na hewa. Hewa ikiwa nzito, mabawa hushika vizuri na injini hupata nguvu. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Jua likiwa kali, inakuwa nyepesi zaidi. Uwanja wa Nairobi uko mita zipatazo 1,690 juu ya bahari. Viwanja vingi vya Uingereza viko karibu na usawa wa bahari, na nchi yao ni ya baridi. Kwa hiyo ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, hukimbia ardhini mbali zaidi Nairobi kabla ya kuinuka. Ikisha kuinuka, hupanda polepole.

Fikiria nchi yako mwenyewe. Maji ya Ziwa Nyasa yako mita 470 hivi juu ya bahari. Vilima vya Mbinga vinapita mita 1,500. Ndege ndogo inayoruka bila taabu ufukweni ingehitaji uwanja mrefu zaidi huko juu kwenye migomba na kahawa. Rubani asiyejua jambo hili huuona mwisho wa uwanja unamjia, na magurudumu bado yako chini.

Black aliyajua hayo kwa kuruka kila siku. Alibeba abiria na mizigo, akapita juu ya nchi ambazo ramani zake hazikuwa na alama nyingi. Mwaka 1931 rubani maarufu wa Kijerumani, Ernst Udet, alipotea na ndege yake katika mabwawa ya Sudani. Black ndiye aliyemtafuta na kumwona. Kama si yeye, njaa na kiu vingemmaliza Mjerumani yule.

Mwaka huo huo Black alikuwa na mwanafunzi aliyekuja kuwa maarufu kuliko yeye. Huyu alikuwa Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza, lakini aliletwa Kenya angali mtoto mdogo. Alikulia Njoro, akicheza na watoto wa Kiafrika na kusema Kiswahili. Shule hakusoma sana. Kazi yake ilikuwa kufundisha farasi wa mashindano. Alipoanza kujifunza urubani alikuwa na umri wa miaka 28. Wako waliosema moyoni kwamba mtu mzima amechelewa. Wewe mwanakisomo huenda umewahi kuyasikia maneno hayo.

Beryl ameandika katika kitabu chake habari za siku moja ya mafunzo. Alikuwa akiielekeza ndege kwenye vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Alidhani atavipita kwa urahisi. Lakini upepo uliokuwa ukishuka kutoka vilimani uliisukuma ndege chini. Injini ilivuma kwa nguvu zake zote, na bado ndege ilizidi kushuka. Black, aliyekuwa ameketi katika kiti kingine, alinyamaza. Aliacha mwanafunzi aone. Kisha, nafasi ikiwa bado ipo, alishika usukani, akageuza ndege, wakaokoka.

Mimi naona hapo ndipo ualimu wake ulipokuwa. Angeweza kumwonya mapema, na Beryl angesahau baada ya wiki. Lakini kunyamaza kwa namna ile si kwa kila mwalimu. Ni lazima mwalimu aujue upepo ule na ajue kipimo cha mwisho ambacho ndege inaweza kuokolewa. Mgeni aliyefika jana asingethubutu, au angethubutu wakafa wote wawili.

Mwaka 1933 Beryl alipata leseni inayomruhusu rubani kulipwa kwa kazi yake. Alipeleka barua, dawa na abiria, na alitafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji.

Lazima tuseme pia jambo ambalo halipendezi. Viti vya ndege ile havikuwa vya kila mtu. Waafrika walifanya kazi za mikono katika viwanja, lakini usukani hawakupewa. Arap Ruta, aliyekua pamoja na Beryl, alimsaidia kuitunza ndege yake kwa miaka. Leseni ya urubani haikuwa kwa watu wa rangi yake. Maarifa ya Black juu ya hewa ya Afrika yalibaki mikononi mwa walowezi wachache.

Black mwenyewe hakukaa. Mwaka 1932 alirudi Uingereza, akawa rubani wa tajiri mmoja, Lord Furness. Mwezi wa Oktoba 1934 yeye na rubani mwenzake, C. W. A. Scott, walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia. Walisafiri zaidi ya kilomita 18,000 kwa saa 71 hivi. Wakivuka bahari kuelekea Australia, injini moja kati ya mbili iliwasumbua. Dunia nzima ilijua majina yao.

Tarehe 4 Septemba 1936 Beryl aliondoka Uingereza peke yake kuvuka Bahari ya Atlantiki kwenda magharibi. Aliruka zaidi ya saa 21. Mafuta yakaacha kufika kwenye injini, akaanguka matopeni katika pwani ya Kanada. Alikuwa hai. Siku kumi na tano baadaye, tarehe 19 Septemba, Black alikuwa ndani ya ndege yake uwanjani Liverpool. Ilikuwa bado chini. Ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua iliigonga, naye akafa. Umri wake ulikuwa miaka 36. Beryl aliishi hadi mwaka 1986, akafa Nairobi.

Vijana wa Kiafrika walingoja. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, kwa ajili ya Tanzania, Kenya na Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, chuo kilibaki Uganda. Anayetaka kuwa mwalimu wa urubani hupata kwanza leseni ya rubani wa kulipwa, kisha hufundishwa namna ya kufundisha, na kupimwa tena. Wengine huenda kusomea ng'ambo, wakirudi wanaanza kuzoea hewa ya kwao. Soroti iko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, na jua lake ni kali. Anayeruka hapo mchana huona mwenyewe jinsi ndege inavyochelewa kuinuka.