Mganga Stéphane Tarnier, Mlinzi wa Akina Mama na Watoto Wachanga

Katika nyumba zetu za wazazi mkunga hunawa mikono kabla ya kumgusa mama, na mtoto aliyezaliwa kabla miezi yake haijatimia huwekwa mahali pa joto. Mambo haya twayaona kuwa ya kawaida, kana kwamba yalikuwapo tangu mwanzo. Sivyo. Yalipatikana kwa taabu nyingi, na baada ya makaburi mengi kuchimbwa. Basi tunapowakumbuka wote waliowahudumia wagonjwa, yafaa tujue habari za mmoja wao, Stéphane Tarnier wa Ufaransa.

Alizaliwa tarehe 29 Aprili 1828 katika kijiji cha Aiserey, karibu na mji wa Dijon. Baba yake alikuwa mganga wa vijijini, na kijana naye akaipenda kazi ile ile. Akaenda Paris kusoma, na mwaka 1856, alipokuwa bado chini ya waganga wakubwa, akawekwa kufanya kazi katika Maternité, nyumba kubwa ya wazazi ya mji ule. Zamani nyumba hiyo ilikuwa abasia ya watawa wa Port-Royal. Mahali palipokuwa pa sala pakawa mahali pa kuzalia, nao walioingia humo walikuwa hasa maskini: watumishi wa nyumbani, vibarua, na wasichana wasio na waume. Mwenye mali alijifungulia nyumbani kwake.

Tarnier alikuta msiba mkubwa. Mama aliingia na afya yake, akajifungua salama, na siku ya pili au ya tatu akashikwa na homa. Baada ya siku chache amekufa, na mtoto wake amebaki yatima. Hiyo ndiyo homa ya uzazi. Waganga wengi wa siku zile walisema kwamba homa hiyo yatoka katika hewa mbaya au katika mwili wa mama mwenyewe, na ya kuwa hakuna awezaye kuizuia.

Kijana hakuridhika na maneno hayo. Akaanza kuhesabu. Akatafuta idadi ya akina mama waliojifungulia Maternité katika mwaka ule, na idadi ya waliokufa. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa wale waliojifungulia nyumbani mwao katika mtaa uliokuwa karibu. Akaona kwamba huko nyumbani alikufa mama 1 katika 322, bali katika nyumba ya wazazi alikufa 1 katika 19. Maana yake ni kwamba hospitali iliyojengwa kumsaidia mama maskini ilimwua karibu mara 17 kuliko chumba chake kibovu. Akatambua kuwa homa ile yaambukiza, nayo hupita kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima ndani ya nyumba ile ile. Akayaandika hayo katika kitabu chake cha kumaliza masomo, mwaka 1857.

Wengi hawakukubali. Miaka kumi hivi kabla yake, mganga Ignaz Semmelweis alikuwa ameonyesha huko Vienna ya kuwa kunawa mikono kwa maji ya klorini kulizuia vifo, naye pia alipingwa, akafa mwaka 1865 kabla ya kupata heshima yake. Ilikuwa vigumu kwa waganga kusadiki kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyochukua mauti. Tarnier alijua la kufanya, lakini hakuwa na mamlaka ya kuamuru. Ikambidi angoje miaka kumi, na katika miaka hiyo akina mama waliendelea kufa.

Mwaka 1867 akafanywa kuwa mganga mkuu wa Maternité. Sasa amri ilikuwa mkononi mwake, ila si fedha wala mioyo ya watu. Akadai wagonjwa watengwe na wazima, kila upande uwe na wahudumu wake, wala mtu asitoke kwa mwenye homa akaenda kumzalisha mwingine. Katika mwaka 1876 likamalizika jengo dogo alilolitaka, ambalo kila chumba chake kilikuwa na mlango wa kutokea nje, vyumba visiingiliane, na kuta ziweze kuoshwa. Mwaka 1879 Pasteur akaonyesha kijidudu cha homa ile, na Tarnier akazidi kukaza sheria ya kuosha mikono na vyombo kwa dawa za kuua vijidudu, kama vile asidi ya kaboliki.

Matunda yake yalikuwa haya. Tangu mwaka 1858 hata 1869, kabla ya matengenezo, walikufa zaidi ya akina mama 9 katika kila 100. Tangu 1870 hata 1880, walipotengwa wagonjwa, walikufa 2 na kidogo. Tangu 1881 hata 1889, dawa zilipotumika daima, alikufa 1 tu hivi. Hesabu iliyokuwa imeishitaki nyumba ile sasa ikaishuhudia kwa wema.

Tena Tarnier hakuwasahau watoto. Wale waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wadogo mno, wakapoa upesi na kufa, na watu walidhani kuwa hiyo ndiyo ajali yao. Yeye aliona katika bustani ya wanyama ya Paris sanduku la kuangulia mayai ya kuku, akawaza kwamba joto liwezalo kulea kifaranga laweza kulea mtoto. Mwaka 1880 akamwagiza Odile Martin, aliyefanya kazi katika bustani ile, amtengenezee sanduku la namna hiyo. Lilikuwa na kuta mbili na unga wa mbao katikati, maji ya moto chini, na kioo juu. Kabla yake, katika watoto 100 wenye uzito chini ya gramu 2,000 walikufa 66. Baada yake walikufa 38. Na kwa kuwa wengine hawakuweza kunyonya, akawapa maziwa kidogo kidogo kwa mpira mwembamba uliopitishwa kinywani hata tumboni.

Mwanafunzi wake Pierre Budin aliiendeleza kazi hii, akafundisha kwamba mama asitengwe na mtoto wake, bali amnyonyeshe. Naye mkunga mkuu wa Maternité, Madame Henry, alisimamia nyumba ya watoto dhaifu iliyofunguliwa huko mwaka 1893.

Tarnier akafa Paris mwezi wa Novemba 1897. Mwaka 1905 ikasimamishwa sanamu yake katika ukuta wa hospitali ya wazazi iliyopewa jina lake. Humo anaonekana karibu na mama na mtoto wake.

Wasomaji wapenzi, mtu huyu hakufanya muujiza. Aliwahesabu wafu ambao wengine waliwazika bila kuwahesabu, akakubali kwamba kosa lilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na alipopewa ukubwa akautumia kwa ajili ya wanyonge. Basi walimu na wawafundishe watoto kunawa mikono, si kama desturi tupu, bali wakijua sababu yake. Nasi sote tuliopewa kusimamia watu, iwe hospitali, shule au jumuiya, tusiogope kuulizwa hesabu, maana siku moja Bwana mwenyewe atatuuliza.