Mohamed Amin: Mfanyabiashara wa picha aliyeuzindua ulimwengu

WAKAZI wa Kipsing, kituo kidogo cha biashara katika eneo la Oldonyiro, Kaunti ya Isiolo, hawahitaji kusimuliwa habari za ukame. Mvua ikikosekana laga hukauka, wafugaji huchimba visima mchangani, na vijana huswaga ng'ombe mbali kutafuta malisho. Hali ikizidi kuwa mbaya katika maeneo kama hayo, ndipo hufika mgeni mwenye kamera.

Mgeni huyo hupiga picha, hushukuru, kisha huondoka. Picha nayo husafiri hadi Nairobi, London au New York, ambako kuna anayeilipia: gazeti, kituo cha televisheni au shirika la misaada. Mfugaji aliyepigwa picha hayumo katika hesabu hiyo.

Hapo ndipo penye swali linaloisumbua biashara ya mawasiliano tangu ilipoanza. Je, anayehudumiwa ni nani? Ni yule anayelipa, au ni yule anayeonekana pichani?

Ni Wakenya wachache waliokabiliwa na swali hilo kwa uzito kama hayati Mohamed Amin, aliyejulikana na wengi kwa jina fupi la Mo. Sifa zake zilienea duniani kutokana na picha za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984. Lisilokumbukwa sana ni kwamba alikuwa pia mwasisi wa kampuni, Camerapix, na kwamba bila kampuni hiyo, wateja wake na watu wake, huenda picha hizo zisingepatikana kabisa.

Amin alizaliwa mtaani Eastleigh, Nairobi, mnamo Agosti 29, 1943, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mwashi. Katika miaka ya 1950 familia ilihamia Dar es Salaam, na ni huko ambako kijana huyo alinunua kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokuwa imeshatumika, kwa Sh40.

Hakuwa na mwalimu wa kumshika mkono wala mtaji wa kurithi. Alichokuwa nacho ni jicho, miguu myepesi na hisia ya kutambua mapema habari inayoelekea kutokea. Mnamo 1963, akiwa bado kijana, aliifungua Camerapix jijini Dar es Salaam.

Wakati ulimpendelea. Nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zikijipatia uhuru moja baada ya nyingine, na vyombo vya habari vya ng'ambo vilihitaji mtu aliyepo, anayezijua njia na anayeweza kufika kabla ya mwandishi kutoka Ulaya hajapata tiketi ya ndege. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, Amin alikuwa karibu, na picha zake zikapata wanunuzi.

Alijifunza mapema siri ya kazi hiyo. Tukio ni moja, lakini wateja ni wengi. Alizoea kubeba kamera zaidi ya moja: ya filamu kwa ajili ya televisheni, na nyingine za picha mnato kwa ajili ya magazeti, majarida na, baadaye, vitabu. Safari moja iliweza kulipwa mara tatu.

Biashara hiyo ilikuwa na bei yake. Mnamo 1966 alikamatwa Zanzibar, wakati ambapo visiwa hivyo vilikuwa na wataalamu wa kijeshi kutoka nchi za kikomunisti na havikuzipenda kamera za watu wa nje. Alitiwa katika gereza la Kiinua Miguu kwa takriban wiki nne, akateswa, kisha akafukuzwa nchini Tanzania. Alirejea Nairobi alikozaliwa, na kampuni yake ikaanza upya.

Nairobi iligeuka kuwa makao yake ya kudumu. Mteja wake mkubwa alikuwa Visnews, shirika la London lililosambaza picha za habari kwa vituo vya televisheni duniani kote, na ambalo baadaye lilichukuliwa na Reuters. Kabla ya setilaiti kuenea, filamu ilifungwa na kupelekwa uwanja wa ndege ili iwahi safari ya kwenda Ulaya. Aliyekosa ndege alipoteza habari, na aliyepoteza habari mara mbili alipoteza mteja.

Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara ya Government, sasa Moi Avenue, Amin alifika akiwa miongoni mwa wa kwanza. Alipiga picha za jitihada za kumwokoa kiongozi huyo, kazi iliyompatia nchini Uingereza tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka huo.

Alikuwa pia nchini Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin, ambaye hawakuwa na undugu wowote ila jina, na aliandamana na mahujaji hadi Makka, safari iliyozaa kitabu mwaka 1978.

Vitabu hivyo ndivyo vilivyoibadilisha Camerapix kutoka ofisi ya mtu mmoja hadi kampuni yenye timu. Mwandishi Brian Tetley alishika kalamu, naye mpigapicha Duncan Willetts akawa mwenzake wa safari. Vilitoka vitabu kuhusu Ziwa Turkana, Kenya, Pakistan, Tanzania na kwingineko, pamoja na vitabu vya kuwaongoza watalii. Kampuni iliingia pia katika uchapishaji wa jarida la Selamta, linalosomwa na abiria wa shirika la ndege la Ethiopia.

Kwa lugha ya leo, hiyo ilikuwa kampuni ya ushauri na huduma za mawasiliano. Serikali zilitaka nchi zao zionekane vizuri, mashirika ya ndege yalitaka jarida la kuvutia, na vituo vya televisheni vilitaka habari motomoto. Amin aliwahudumia wote. Hakuona haya kujiita mfanyabiashara, na waliofanya kazi chini yake walimfahamu kuwa mwajiri mkali, asiyehesabu saa wala sikukuu.

Hata hivyo, ni mtandao huohuo wa ujuano na wateja uliomfikisha Korem.

Mwaka 1984 ukame uliikumba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hapa Kenya wengi wanaukumbuka kwa mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, na wafugaji wa kaskazini wanaukumbuka kwa mifugo waliyopoteza. Nchini Ethiopia hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ukame uliungana na vita, na serikali ya Mengistu Haile Mariam haikutaka wageni waione kaskazini ya nchi hiyo katika mwaka iliposherehekea miaka 10 ya mapinduzi.

Waandishi wengi walizuiwa. Amin, aliyekuwa amejenga mahusiano na maafisa wa Addis Ababa kwa miaka mingi, alipata kibali. Mnamo Oktoba aliingia pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, wakafika Mekele na Korem, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika katika baridi ya alfajiri wakisubiri chakula ambacho hakikuwapo.

Filamu hiyo ilionyeshwa na BBC mnamo Oktoba 23, 1984. Inakadiriwa kwamba vituo 425 viliirusha na watu milioni 470 wakaitazama. Wanamuziki wa Uingereza na Marekani walirekodi nyimbo za kuchangisha fedha, na Julai 13, 1985 tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia. Serikali zilizokuwa zikisitasita zilituma nafaka na ndege.

Sifa hizo hazikukosa lawama. Wapo waliosema, na wanaosema hadi leo, kwamba picha za aina hiyo zilimwonyesha Mwafrika kama mtu wa kuhurumiwa tu, asiye na jina wala kauli, na kwamba vita vilivyochangia njaa hiyo vilifichwa nyuma ya neno ukame. Lawama hiyo ina uzito. Sisi tunaokesha tukihariri kurasa tunajua ni mara ngapi maelezo ya picha yametaja jina la waziri aliyezuru na kumwacha mama aliyekaa mbele ya kamera bila jina.

Lakini upande wa pili nao una uzito. Watu wa Korem hawakuwa wateja wa Camerapix. Hawakuwa na senti ya kumlipa mtu yeyote ili awasemee. Kwa siku chache, chombo kilichojengwa kwa ajili ya wanaolipa kiliwatumikia wasioweza kulipa, na kuna waliopona kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo Amin angeweza kupumzika. Hakufanya hivyo. Juni 1991, siku chache baada ya waasi kuuteka mji wa Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka alipokuwa akipiga picha. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa papo hapo. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Aliwekewa mkono wa bandia nchini Marekani na kurejea kazini, jambo lililowashangaza hata waliomzoea.

Kifo cha Mathai kinapaswa kukumbukwa kila inapotajwa tuzo ya bosi wake. Kampuni inapokua, hatari nayo hugawanywa kwa wengi, lakini umaarufu mara nyingi hubaki kwa mmoja.

Novemba 23, 1996, Amin na Tetley walikuwa wakirejea Nairobi kutoka Addis Ababa, walikokwenda kwa shughuli za jarida la Selamta. Hawakuwa wakifuata vita wala njaa. Ilikuwa safari ya kawaida ya kumwona mteja. Vijana watatu waliiteka ndege yao, safari nambari 961, wakadai wapelekwe Australia. Mafuta yalikwisha, na ndege ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Ngazidja, Comoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Amin alikuwa na umri wa miaka 53.

Kampuni nyingi zilizosimama juu ya jina la mtu mmoja huzikwa naye. Camerapix haikuzikwa. Mwanawe, Salim Amin, aliichukua akiwa na miaka 26, akaihifadhi hazina ya picha za baba yake, na mwaka 1998 ukaanzishwa Wakfu wa Mohamed Amin wa kuwafunza vijana wa Kiafrika uanahabari wa televisheni.

Huenda wakfu huo ndio jibu bora zaidi kwa swali tulilolianza Kipsing. Picha moja ya mgeni inaweza kuleta gunia la mahindi, na gunia hilo si jambo dogo kwa mwenye njaa. Lakini siku mtoto wa mfugaji atakapoishika kamera hiyo mwenyewe, akaijua kazi na soko lake, hatalazimika kungoja ukame ndipo watu wa mbali wajue kwamba yupo.