Mtakatifu aliyeweka nadhiri ya kutopoteza wakati

Yuko mtu anayekosa mafundisho ya katekista juma hili kwa sababu ya shamba, juma lijalo kwa sababu ya mgeni, na juma la tatu pasipo sababu yoyote. Si kwamba anamchukia Mungu. Anadhani tu kwamba siku zingali nyingi. Kwa ajili ya mtu huyo, na mara nyingi mtu huyo ni sisi wenyewe, twapenda kusimulia maisha ya Mtakatifu Alfonso Maria de' Liguori.

Alfonso alizaliwa tarehe 27 Septemba 1696 huko Marianella, karibu na mji wa Napoli, katika nchi ya Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa nahodha wa merikebu za kivita za mfalme, mtu mkali aliyetaka mwanawe mkubwa apate cheo na mali. Mama yake, Anna, ndiye aliyemfundisha kusali. Mtoto alikuwa na akili nyingi mno. Mwaka 1713, akiwa na umri wa miaka 16 tu, alipewa udaktari wa sheria. Na inasimuliwa kwamba joho alilovikwa siku ile lilimzidi kimo, watu wakacheka.

Hata hivyo alikuwa kijana kama vijana wengine. Jioni baba yake alimruhusu kucheza karata na rafiki zake kwa muda mfupi. Usiku mmoja alichelewa. Aliporudi chumbani mwake hakuviona vitabu vya sheria juu ya meza: baba yake alikuwa ameviondoa, akapanga karata mahali pake. Alfonso alifahamu maana yake bila kuambiwa neno, na tangu siku ile hakuchelewa tena. Lakini, wasomaji, kuchunga saa kwa kumwogopa baba ni jambo moja, na kuchunga saa kwa kumpenda Mungu ni jambo jingine. Alfonso alikuwa bado hajafika huko.

Kwa muda wa miaka minane aliwatetea watu mbele ya waamuzi, na wasimulizi wa maisha yake wanasema kwamba hakushindwa hata mara moja. Mwaka 1723 alikabidhiwa kesi kubwa ya wakuu wawili walioshindania mali nyingi. Aliyasoma makaratasi yote mara nyingi, akajiona yu tayari. Alisema vizuri sana mbele ya waamuzi. Kisha mpinzani wake akamwonyesha karatasi moja tu, ambayo Alfonso mwenyewe alikuwa ameisoma pasipo kuifahamu maana yake. Kesi ikaanguka pale pale. Alfonso alikiri kosa lake, akatoka, akajifungia chumbani siku tatu bila kula.

Tuangalie vema jambo hili. Kijana huyu hakuwa mvivu. Alikuwa amefanya kazi usiku na mchana kwa miaka kumi. Akiwa amejifungia aliona kwamba taabu yote hiyo aliitolea jengo ambalo karatasi moja yaweza kuliangusha. Hakukosa bidii, alikosa kujua saa zake ni za nani. Mwezi wa Agosti mwaka ule, alipokuwa akiwahudumia wagonjwa katika hospitali ya maskini, alisikia moyoni mwake wito wa kuiacha dunia na kujitoa kwa Mungu. Akaenda katika kanisa la Bikira Maria, akauweka upanga wake wa kiungwana juu ya altare, asiuchukue tena. Baba yake alilia na kukasirika. Alfonso akapewa upadri tarehe 21 Desemba 1726.

Baadaye aliweka nadhiri ambayo watu wachache sana wamethubutu kuiweka, nadhiri ya kutopoteza kamwe wakati wowote. (Msikimbilie kumwiga katika hilo, wapenzi wasomaji. Nadhiri ni mzigo, na asiyeomba shauri la padri asijitwishe.) Aliitimiza namna gani? Kwanza, hakuanza kwa kazi, alianza kwa sala. Na katika shirika lake aliwaagiza wenzake wafanye sala ya kutafakari mara tatu kila siku, hata kazi ikiwa nyingi. Kisha alishika jambo lililokuwa mbele yake, bila kungojea siku iliyo njema zaidi. Kichwa kiliposhikwa na maumivu makali, alikibandika kipande cha marimari baridi kwenye paji la uso kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaendelea kuandika. Hivyo vikatoka vitabu zaidi ya 100, na kimoja cha mwaka 1758, juu ya kujiandaa kufa, kina fundisho zima juu ya thamani ya wakati.

Alijua pia kwamba maskini hawana saa nyingi. Wachukuzi, wavuvi na mafundi wa Napoli walifanya kazi kutwa, na mchana hawakuweza kuja kanisani. Basi Alfonso na rafiki zake waliwakusanya jioni, kazi ikiisha, wakawafundisha sala na katekisimu. Mikutano hiyo iliongozwa na walei wenyewe, watu wa kazi za mikono, kama vile makatekista wanavyofanya katika vijiji vyetu. Saa moja ya jioni, ambayo wengine waliitupa penye pombe, iliwatosha watu hao kuokoa roho zao.

Mwaka 1730 mwili wake ulichoka, akapelekwa kupumzika milimani, karibu na Scala. Huko alikutana na wachunga mbuzi ambao hawakuwa na mtu wa kuwafundisha habari za Yezu Kristu. Mapumziko yakawa misioni. Kwa ajili ya watu waliosahauliwa namna hiyo alianzisha, tarehe 9 Novemba 1732, Shirika la Mkombozi Mtakatifu Sana, ambalo mapadri wake kutoka Ubelgiji walifika Matadi, huku kwetu Kongo, mwaka 1899.

Mwaka 1762, akiwa na miaka 65, Papa alimlazimisha kuwa Askofu wa Sant'Agata dei Goti. Njaa ilipoingia mwaka 1764, aliuza gari lake na nyumbu wake ili watu wale. Baadaye ugonjwa uliipinda shingo yake hata kidevu kikamtoboa kifuani. Hakuacha kazi mpaka Papa alipomruhusu mwaka 1775.

Alirudi Pagani kwa watawa wenzake. Macho yalififia, masikio yakaziba, kumbukumbu ikapungua. Kila siku alimwuliza ndugu mtawa aliyemtunza kama wamekwisha kusali rozari ya siku ile. Ndugu akimjibu kwamba wamekwisha, alitaka kuhakikishiwa tena. Alifariki tarehe 1 Agosti 1787, adhuhuri, kengele za Malaika wa Bwana zikilia.