Jenereta ya Sayyid Barghash na maziwa ya shemeji

Juzi nilikuwa Isiolo kwa shemeji yangu, muuza maziwa ya ngamia. Magharibi stima ikapotea, ikarudi kesho yake alasiri. Maziwa yote ya friji yalichacha, akayauza kwa bei ya hasara. Nilipokaa lile giza nilimkumbuka Sayyid Barghash bin Said.

Alizaliwa 1837. Mwaka 1859 aligombea kiti na nduguye Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Majid alipofariki 1870, akatawala yeye. Mwanzo ulikuwa mzito: kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu na kuvunja merikebu zake, na mwaka uliofuata Waingereza wakamlazimisha kufunga soko la watumwa. Soko lile si la kuliliwa, lakini hakulifunga kwa hiari yake.

Kisha akajenga. Alivuta maji kwa bomba kutoka chemchemi za Bububu hadi mjini, raia wakateka bure. Beit al-Ajaib ikasimama 1883. Na kumbukumbu za umeme wa Kenya zinasema alikuwa na jenereta tangu 1875, ya kumulika kasri lake na mitaa ya jirani. Mashine moja tu; ikizima, hata Sultani hurudia taa ya mafuta.

Mwaka 1886 wakubwa wa Ulaya walimwachia bara ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Akafariki Machi 1888. Mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua ile jenereta, na 1908 ikaingia kwenye kampuni mpya ya umeme ya Mombasa. Stima yetu ilianzia hapo.

Isiolo, mbali na maili kumi zile, iliwekwa kwenye mpango wa laini ya kilovolti 132 kutoka Nanyuki hadi Meru. Faida ya mpango kama huo ni mji kulishwa pande mbili: upande mmoja ukikatika, wa pili ubebe mzigo. Lakini kubeba kunataka waya wenye nafasi na transfoma ya akiba, vitu ambavyo kwa siku za kawaida huonekana ni pesa za bure. Na hata vikiwepo, mtaani kwa shemeji waya unaoingia ni mmoja, juu ya nguzo iliyoinama.

Ameniomba nimtafutie jenereta ndogo Mombasa. Nitaituma kwa basi la Ijumaa.